Ajira za kidiplomasia Arusha: Marekani imefuta nini, na wewe inakugusa wapi

Swali: Mimi ni mkazi wa Moshi, nina miaka 27 na shahada ya uhusiano wa kimataifa, na natembea kwa magongo. Rafiki zangu wananiambia kwamba tangu Wamarekani wafute mambo ya usawa kazini, wanawake na sisi wenye ulemavu hatuangaliwi tena, si kwenye ubalozi wa Marekani Dar wala kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki pale Arusha. Tena niliona tangazo la Jumuiya ambalo kwa maelezo yake Watanzania hawakuruhusiwa kuomba. Je, haya mawili yanahusiana? Na kwenye maombi, ulemavu wangu niutaje au ninyamaze?

Jibu:

Hayahusiani, dada. La Marekani ni ugomvi wao juu ya namna ya kuajiri raia wao. La Jumuiya lipo kwenye kanuni zake, lina sababu zake, na halikuletwa na uchaguzi wa Washington. Ulemavu wako utaje, ila mahali na wakati wa kuutaja hutofautiana kati ya mwajiri mmoja na mwingine. Nianze na Marekani kwa kuwa ndiyo iliyozua hofu, ingawa katika yote uliyouliza ndiyo inayokugusa kidogo zaidi.

Sheria yao ya Utumishi wa Nje ya mwaka 1980 inataka watumishi wa kidiplomasia wawe picha ya wananchi wa nchi hiyo. Hilo halikuja kwa hisani. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwanamke aliyekuwa afisa wa kidiplomasia akiolewa alitakiwa kuacha kazi. Afisa mmoja, Alison Palmer, alikataliwa na mabalozi wa Marekani barani Afrika kwa sababu tu ni mwanamke. Akaenda kushitaki, na kesi aliyoiongoza pamoja na wenzake ikaburuzwa kwa miaka mingi mpaka mtihani wenyewe wa kuingilia kazini ukaonekana unawabana wanawake. Baadaye zikaja programu za ufadhili, Pickering mwaka 1992 na Rangel mwaka 2002, zilizowafungulia mlango vijana ambao familia zao hazikuwa na pesa wala jamaa serikalini. Matokeo yake hayakuwa makubwa kama watu wanavyodhani. Ripoti ya wakaguzi wa Bunge lao ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba kati ya mwaka 2002 na 2018 Wamarekani weusi katika Wizara yao ya Mambo ya Nje walipungua, kutoka asilimia 17 hadi 15, na wanawake wakashuka kutoka 44 hadi 43.

Mwaka 2021 serikali ya Biden iliongeza nguvu: wizara ikapata afisa mkuu wa mambo ya ujumuishi, yaani kuhakikisha watu wa kila kundi wanapata nafasi, na muda si mrefu mchango wa mtumishi katika ujumuishi ukawa miongoni mwa vigezo vya kupandishwa cheo. Tarehe 20 na 21 Januari 2025 Rais Trump akasaini amri zilizofuta ofisi na vigezo hivyo katika serikali yote. Moja kati ya amri hizo, namba 14173, ilifuta hata amri ya Rais Johnson ya mwaka 1965 iliyowataka wakandarasi wa serikali wasibague katika kuajiri. Mwezi Februari ikaja nyingine, namba 14211, iliyoagiza uajiri na upimaji wa wanadiplomasia ufumuliwe ili wafuate kikamilifu sera za Rais aliyeko madarakani. Wanaoziunga mkono wanasema sasa mtu ataingia kwa uwezo wake na si kwa rangi yake; wanaozipinga wanasema mlango uliochukua nusu karne kufunguka umerudishiwa. Kwa maoni yangu jambo la kutazama ni hiyo amri ya Februari, kwa sababu kupima utii ni kugumu kuliko kupima uwezo, na penye kipimo kigumu ndipo kujuana kunapoingia.

Sasa wewe unaingia wapi hapo? Karibu hupo kabisa. Afisa wa kidiplomasia wa Marekani lazima awe raia wa Marekani. Mtanzania anayefanya kazi ubalozini Dar es Salaam ni mtumishi wa ndani, analipwa kwa viwango vinavyopangwa kwa kutazama soko la ajira la hapa. Sheria yao ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, ambayo haijafutwa, haimkingi mtu asiye raia wao anayefanya kazi nje ya Marekani. Ndivyo ilivyokuwa kabla ya mwaka 2025 na ndivyo ilivyo leo. Kwa hiyo ngao ambayo rafiki zako wanasema umenyang'anywa, hukuwahi kuwa nayo.

Kilichopungua kweli ni nafasi zenyewe. Januari 2025 ajira mpya serikalini kwao zilisimamishwa, na ilipofika tarehe 1 Julai 2025 USAID, shirika lao la misaada, ikafungwa na mabaki yake kuingizwa kwenye Wizara ya Mambo ya Nje. Hapo ndipo Watanzania walipoumia, wa kike kwa wa kiume, wazima kwa wenye ulemavu. Ukiona nafasi za ubalozi zimekuwa chache, sababu ni hiyo. Na zikitangazwa, soma sehemu ya upendeleo kabla ya kusoma mshahara: wanafamilia wa wanadiplomasia wao walioko kituoni, pamoja na wanajeshi wastaafu wao, hutangulizwa wakitimiza sifa. Hilo ni la siku nyingi, na watu wetu wengi huomba bila kulijua, kisha wanadhani wamebaguliwa kwa kuwa Watanzania.

Tuje Arusha, maana hapo pana mengi.

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Ibara ya 70, una mizani ya pande mbili katika kuajiri watumishi wa Sekretarieti: kwanza uadilifu na uwezo, kisha mgawanyo wa haki wa nafasi kati ya raia wa nchi wanachama. Umoja wa Mataifa una mizani hiyohiyo katika Ibara ya 101 ya Mkataba wake wa mwaka 1945. Upande wa pili ndio uliozaa mfumo wa pointi za mgao. Kila nafasi ya kitaalamu ina uzito wake kwa pointi kulingana na daraja, na kila nchi ina kikomo chake. Nchi ikishajaza, raia wake wanasubiri mpaka mwenzao amalize mkataba au aondoke, pointi zirudi. Tangazo likitaja raia wa nchi fulani tu, maana yake hizo ndizo zenye pointi zilizobaki.

Jumuiya ilipoanza kazi mwaka 2000 ilikuwa na nchi tatu. Leo ziko nane: Burundi na Rwanda ziliingia mwaka 2007, Sudan Kusini 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022, na Somalia 2024. Sahani ni ileile, mikono imeongezeka. Wapo wakazi wa Arusha wanaoamini kwamba kwa kuwa makao makuu yako kwao, Mtanzania ana haki ya kutangulia. Hana. Kwa nafasi za kitaalamu, kuishi Njiro au Sakina hakukupi hata pointi moja juu ya mtu wa Juba.

Mfumo huu una upungufu mmoja ambao wakubwa hawapendi kuugusa. Unahesabu pasipoti. Ukishahesabu Watanzania wangapi, hauulizi wangapi ni wanawake, wangapi wanatoka nje ya miji mikubwa, wangapi wana ulemavu. Nchi inaweza kujaza mgao wake wote kwa watu waliosoma shule moja na wanaopigiana simu, na kwenye jedwali ikaonekana haki imetendeka. Kweli, matangazo ya Jumuiya kwa kawaida huwahimiza wanawake kuomba, na mwaka 2024 Veronica Nduva wa Kenya akawa mwanamke wa kwanza kuwa Katibu Mkuu. Lakini kuhimizwa si kuongezewa alama. Wakati wa kupanga alama, mwanamke na mwanamume wanapimwa kwa karatasi ileile.

Ukiona tangazo ambalo Watanzania hawamo, usilipotezee muda. Watu hutuma hivyohivyo kwa matumaini kwamba "huenda wakanifikiria". Mtu wa rasilimali watu anaanza na safu ya uraia, na ombi lako linaishia hapo kabla hajafungua vyeti. Badala yake tazama mambo mawili. Kwanza, taasisi za Jumuiya haziko Arusha tu: Kamisheni ya Kiswahili iko Zanzibar, ya Bonde la Ziwa Victoria iko Kisumu, ya Utafiti wa Afya iko Bujumbura, Baraza la Vyuo Vikuu liko Kampala. Pili, mikataba ya kitaalamu kwa kawaida ni ya miaka mitano na huongezwa mara moja, kwa hiyo pointi za nchi zinazunguka. Kinachofungwa mwaka huu huweza kufunguka baada ya miaka miwili.

Palepale Arusha ipo pia Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo ni chombo cha Umoja wa Afrika na haina uhusiano na mgao wa Jumuiya. Umoja wa Afrika nao una mgao wa nchi, lakini ulijiwekea lengo la nusu kwa nusu kati ya wanawake na wanaume, na asilimia 35 ya vijana, ifikapo mwaka 2025. Mwanamke wa miaka 27 anahesabika pande zote mbili. Ningekuwa na ombi moja tu la kuandika wiki hii, ningelielekeza huko. Kwa Umoja wa Mataifa, mlango wa umri wako ni mtihani wa vijana wataalamu, ambao mwisho wake ni miaka 32 na hufunguliwa kwa nchi zenye watumishi wachache. Orodha ya nchi hubadilika kila mwaka, kwa hiyo iangalie upya kila inapotoka.

Mlango wa nne ni wa nyumbani, na kwa hali yako ndio wenye kanuni zilizo wazi zaidi: Afisa Mambo ya Nje Daraja la II, Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki. Mabalozi huteuliwa na Rais, hilo liache. Daraja la kuanzia hupita kwa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kupitia Ajira Portal. Mambo ya nje ni suala la Muungano, hivyo na hapa kuna mgao: asilimia 79 Bara na 21 Zanzibar. Jazia kwa ukweli mahali unapotoka, usijaribu ujanja wa anwani.

Kinachowaangusha watu kwenye portal hiyo si ubaguzi, ni karatasi. Hati ya matokeo ya kidato cha nne na cha sita haikubaliki. Wanataka cheti chenyewe. Matokeo ya muda ya chuo hayakubaliki. Umri usizidi miaka 45. Barua ya maombi iwe na sahihi, na hapa wengi huchapa jina chini wakaona yametosha. Majina yafanane: kama cheti cha kuzaliwa kina majina matatu na cha chuo kina mawili na herufi moja katikati, nenda kwa wakili upate hati ya kiapo kabla ya tangazo kutoka, kwa sababu siku kumi na nne za tangazo huisha ukiwa kwenye foleni. Kama ulisoma nje, vyeti vya chuo vithibitishwe na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) na vya sekondari na NECTA (Baraza la Mitihani).

Tazama pia namna unavyoandika uzoefu. Anayechuja huhesabu miezi. Ukiandika "2021–2023" bila miezi, kwa macho ya mchujaji mkali hiyo yaweza kuwa kuanzia Desemba hadi Januari, yaani miezi kumi na minne, si miaka mitatu. Andika "Machi 2021 hadi Oktoba 2023", kisha mwajiri, kisha ulichofanya. Kujitolea kunahesabika ukiwa na barua ya taasisi yenye tarehe. Bila barua ni hadithi tu. Na maneno ya tangazo yatumie yaleyale. Likisema "kuandaa taarifa za mikutano", usiandike "mahusiano ya wadau" ukitegemea mchujaji aunganishe mwenyewe.

Kuhusu ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye watumishi 20 na kuendelea awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa sababu ya jinsia, ujauzito, ndoa, ulemavu, kabila, dini na mengineyo, na inamhesabu mwombaji kazi kuwa ni mfanyakazi kwa ajili ya ulinzi huo. Kifungu hichohicho kinasema hatua za kuwainua waliokuwa nyuma si ubaguzi. Yaani kile ambacho Washington imekifuta kwa amri, Dodoma kimo ndani ya sheria ya Bunge. Rafiki zako hilo hawakukuambia.

Kwa hiyo kwenye Ajira Portal, jaza ulemavu wako. Matangazo yenyewe huwaelekeza waombaji wenye ulemavu kuuainisha kwenye mfumo, na usipofanya hivyo hakuna namna mtu wa kupanga usaili ajue, wala namna ya kukuhesabu katika ile asilimia 3. Jaza aina yake tu. Historia ya hospitali haihitajiki.

Kwa Jumuiya, Umoja wa Afrika na ubalozi, kama fomu ina sehemu hiyo, jaza. Kama haina, usiandike kwenye barua ya maombi. Barua ile ina kurasa chache na kila mstari uwe wa sifa zako. Subiri uitwe kwenye usaili, kisha siku hiyohiyo ya kuitwa andika ujumbe mfupi: "Nashukuru kwa mwaliko. Natembea kwa magongo. Naomba chumba cha usaili kiwe ghorofa ya chini au penye lifti inayofanya kazi, na kama kuna mtihani wa kuandika, niwe na meza na kiti vya kawaida." Basi. Usiombe radhi na usieleze sababu. Ujumbe huo unafanya kazi mbili: unakurahisishia siku yenyewe, na unabaki kwenye kumbukumbu. Mwajiri akikupeleka ghorofa ya tatu kwa ngazi, ukafika umechoka na ukachelewa, una ushahidi kwamba alijulishwa mapema. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na marekebisho ya namna hiyo ni sehemu ya haki zilizomo.

Usaili wenyewe una hatua. Mchujo wa kuandika, ambao siku hizi kwa nafasi za serikali hufanyika pia kwenye kompyuta, hupunguza mamia kuwa makumi. Hapo mtahini haoni sura wala magongo, na ndiyo sababu naona ni hatua ya haki kuliko zote. Weka nguvu zako huko. Kwa kazi hizi jizoeze kuandika muhtasari wa ukurasa mmoja kwa kiongozi: suala ni nini, nchi yetu ina maslahi gani, wengine wana msimamo gani, unapendekeza nini. Dakika 40, saa mkononi. Wengi hujaza historia ya suala wakakosa nafasi ya pendekezo, na pendekezo ndilo lenye alama nyingi.

Kwenye mahojiano ana kwa ana, jopo hutoa alama kwa kila swali. Ukiulizwa jinsi utakavyosafiri vituoni na hali yako, jibu kwa kazi: safari ulizokwisha kufanya, vifaa unavyotumia, unachohitaji. Ukiulizwa kama umeolewa au una mpango wa kupata mtoto, jibu kwa upole kwamba uko tayari kwa kituo chochote. Ukitoka nje andika swali lile kama lilivyoulizwa, tarehe, saa, na cheo cha aliyeuliza. Pengine hutalihitaji kamwe, lakini kumbukumbu ya wiki tatu baadaye haina uzito kama ya palepale.

Ukiona umetendewa vibaya, njia hutegemea mlango uliogonga. Kwa mwajiri wa hapa nchini aliye chini ya Sheria ya Ajira, ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kwa migogoro isiyo ya kuachishwa kazi una siku 60. Wewe unaonyesha dalili za ubaguzi, kisha mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua unamwangukia mwajiri. Kwa usaili wa serikali, andika kwanza kwa Sekretarieti ya Ajira yenyewe. Ukiombwa pesa, hilo ni la TAKUKURU. Kwa Jumuiya, Mkataba unamruhusu mkazi wa nchi mwanachama kupinga tendo linalovunja Mkataba katika Mahakama ya Afrika Mashariki, palepale Arusha, ila ndani ya miezi miwili tangu tendo litokee au ulipolijua, na mahakama hiyo hailegezi muda huo hata kidogo. Kwa ubalozi, kinga ya kidiplomasia inaifanya kesi kuwa ndefu na ghali. Lalamika kwa maandishi kwa ofisi yao ya rasilimali watu, na usiweke matumaini makubwa.